Mtani wa Mama

Watu wakirudi kutoka Mikindani wakaanza kuniambia jinsi kulivyo kuzuri, huwa nanyamaza. Wanasifia milango ya nakshi, roshani za mbao, kuta nene za mawe ya matumbawe, na boma la Wajerumani lililokaa juu ya kilima limepakwa rangi nyeupe likang'aa. Wana picha. Sibishani nao, kwa sababu ni kweli kunapendeza, lakini wakimaliza kuzionyesha ninakuwa nimeshachoka, na wengine huniona nina maringo. Mikindani niliyoijua mimi ilikuwa na mtu mmoja ndani yake, na mtu huyo hayumo kwenye picha zao.

Tulihamia Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa amefariki Songea mwaka uliotangulia, na barua ya uhamisho ikaja kana kwamba wakubwa walikuwa wakisubiri awe mjane ndipo wamtupe mbali. Ndivyo nilivyoliona jambo hilo nikiwa mtoto, na mpaka leo sijabadili mawazo sana. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Ufukoni, katikati ya watu wa bandarini na watumishi wa serikali waliotoka mikoa mbalimbali, kila mmoja akingoja likizo yake aende kwao. Kwenye ramani Songea na Mtwara ni majirani. Kwa barabara ya Tunduru ya wakati ule, masika yakianza, ilikuwa kama kwenda nchi nyingine. Mama hakuwa na ndugu Mtwara, wala shoga, wala mtu wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Alikuwa anarudi kutoka shule, anapika, anasahihisha madaftari, analala.

Jumapili moja baada ya misa mtu akamwambia kwamba korosho za kukaanga ni bora Mikindani. Tukaenda. Mji wenyewe wakati ule ulikuwa unaanguka taratibu bila kelele. Kulikuwa na nyumba za ghorofa zisizo na paa, miti imeota ndani na kutokeza mizizi madirishani, na ngazi za mawe zilizopanda mpaka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Boma lilikuwa gofu, na popo ndio waliokuwa wapangaji wake. Nyuma ya nyumba moja ya namna hiyo tulimkuta mwanamke mnene, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, anachoma korosho juu ya bati. Moshi wake ulikuwa mkali, unawasha macho. Vidole vyake vilikuwa vimeungua na mafuta ya maganda mpaka vimekuwa vyeusi.

Mama aliuliza bei. Yule mwanamke hakujibu. Alimtazama, akamwuliza, "Wewe, hicho Kiswahili chako cha wapi? Kwenu wapi?"

"Songea."

"Mngoni?"

"Mngoni."

Aliinuka, akamnyang'anya mama kikapu, akamwaga chini vyote vilivyokuwemo, nyanya, sabuni na kitabu cha nyimbo za kanisani, kisha akakivaa kichwani kama kofia. "Alhamdulillahi!" akapiga kelele. "Mtumwa wangu niliyempoteza kaja mwenyewe kwa miguu yake! Kaa chini ubangue korosho, mvivu wee!"

Nilidhani ni kichaa. Nilimshika mama sketi nikamvuta tuondoke. Lakini mama yangu, mwalimu mpole ambaye hata wanafunzi wakorofi alikuwa akiwasema kwa sauti ya chini, alishika kiuno. "Mtumwa nani? Babu yangu alimfukuza babu yako kutoka Tunduru mpaka hapa pwani. Bahari isingekuwepo, Wayao mngekuwa mnakimbia mpaka leo!"

Yule mwanamke alicheka mpaka kikapu kikaanguka. Mama naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tumzike baba, na ile sauti ilinishtua kuliko matusi yaliyotangulia. Kisha akakaa chini kweli, na sketi yake ya kanisani, akabangua korosho mpaka alasiri.

Njiani kurudi ndipo aliponieleza. Wangoni na Wayao ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba watoto wao watapigana kwa midomo tu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kuku wako, akala chakula chako kabla yako, na wewe ukikasirika ndiwe mwenye makosa. Lakini siku ukifiwa lazima aje, kwa sababu siku hiyo ana kazi ambayo ndugu zako hawaiwezi. Nilimwuliza kazi gani. Akasema nitaiona nikikua.

Mimi nilimwita Bi Mtani. Tangu siku ile, Jumapili zetu zilikuwa zake. Alikuwa mjane kama mama, anaishi na mwanawe wa kiume katika vyumba vya nyuma vya ile nyumba ya ukoo wa marehemu mumewe, sehemu pekee iliyokuwa bado na paa. Mvua ikinyesha vipande vya chokaa vilikuwa vikidondoka ndani ya sufuria. "Kula," alikuwa akimwambia mama, "nyie Wangoni mmezoea kula udongo." Alitupikia ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, na siku nyingine wali wa nazi na pweza. Alikuja Ufukoni bila hodi na kuondoka na sufuria kutoka jikoni, chakula kikiwa ndani. Wiki iliyofuata mama aliondoka Mikindani na mwavuli wa Bi Mtani. Wapangaji wenzetu, watu wa Bukoba na Moshi, walidhani wanawake hawa wamegombana, wakaja kusuluhisha. Mama aliwapa chai na kuwashukuru kwa heshima.

Nakiri nilikuwa na wivu. Nikiwa nyumbani mama yangu alikuwa mwalimu wangu. Kwa Bi Mtani alikuwa msichana fulani mwenye ulimi mrefu, ambaye sikuwahi kumjua, na kila Jumapili jioni nilipomrudisha Ufukoni alikuwa amenyamaza tena.

Kazi ya mtani niliiona Mahurunga. Wajomba wa Bi Mtani walikuwa wamehamia huko zamani, wanalima mpunga karibu na mto Ruvuma, mahali ambapo viboko hutoka majini na kula mashamba. Mjomba wake mkubwa alifariki, tukaenda. Ilikuwa nyumba ya udongo, imezungukwa na mikorosho, na watu wengi wamekaa kimya kwenye majamvi. Wanawake walikuwa wamelia mpaka sauti zimekauka. Wanaume walipoinua jeneza kulitoa ndani, mama yangu alikwenda kukaa kizingitini, akanyoosha miguu, akaziba mlango.

"Mnampeleka wapi?" akauliza. "Huyu ni mtu wangu. Nani kawapa ruhusa ya kumzika kabla hajamaliza kunilimia?" Akachukua kofia ya marehemu iliyokuwa kwenye msumari, akaivaa, akatembea kama alivyokuwa akitembea yeye, maana alikuwa na mguu mbovu, huku akifoka kuhusu viboko na mpunga wake kwa sauti ya puani kama ya marehemu. Sijui alijifunza lini. Wanaume waliobeba jeneza walitikisika. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu asubuhi, alijifunika uso kwa kanga, na nilipoona mabega yake yanaruka nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka, kisha akalia vizuri, kisha akaomba maji ya kunywa. Wakampa mama jogoo ndipo akapisha mlangoni.

Tukiwa tunarudi, Bi Mtani alimshika mama mkono. Huo ndio wakati pekee niliomwona akimshika hivyo. "Na mimi nikifa uje," alisema. "Usiniachie hawa ndugu zangu wanililie kama mbuzi. Uje unitukane."

"Nitakuja kuhakikisha umekufa kweli," mama akajibu. "Nyie Wayao ni waongo."

"Na wewe ukitangulia, nakuja Songea."

"Utakufa njiani kwa baridi."

Walicheka. Lakini waliahidiana, na mimi nilikuwa shahidi.

Mwishoni mwa miaka ile mama alirudishwa Songea. Alikuwa ameomba uhamisho huo kwa miaka, na ulipokuja alikaa na ile barua mapajani bila furaha. Siku ya kuondoka Bi Mtani alikuja kutuaga na korosho gunia zima, akatangaza mbele ya abiria kwamba amefurahi sana, mji utapungua harufu. Basi lilipoondoka, mama aliangalia mbele tu. Hakugeuka hata kidogo.

Tulirudi kumtembelea mara moja, miaka michache baadaye, nikiwa nimemaliza chuo. Ndiyo safari ambayo watu wangeiita ya kitalii. Boma lilikuwa limekarabatiwa, limekuwa hoteli, na wageni wa nje walikuwa wakitembea vichochoroni na chupa za maji, wakishika milango kwa vidole kama watu wanaopima joto la mgonjwa. Vibao viliwekwa. Mwanawe Bi Mtani alikuwa amepata kazi ya kuwatembeza. Kijana mtaratibu, shati jeupe, Kiingereza safi. Alijitolea kututembeza na sisi bure, pamoja na kundi la wageni wake.

Alieleza vizuri, siwezi kumnyima sifa. Alituonyesha nyumba za wafanyabiashara wa zamani, akasimama penye soko la watumwa, akashusha sauti, akaeleza jinsi watu walivyoletwa kutoka bara wamefungwa, wakauzwa pale pale tuliposimama. Mzungu mmoja mwanamke alifuta machozi. Na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya njia, sauti ya Bi Mtani ikapasuka: "We Mngoni! Mtumwa wangu! Umetoroka kubangua korosho unajifanya mgeni?"

"Mnunuzi amekataa kukununua," mama akajibu kwa sauti ile ile, "anasema umezeeka!"

Wale wageni waliganda. Kijana wa watu alijaribu kuwafafanulia, akatafuta maneno ya Kiingereza, akakosa, akainama kwa haya. Jioni nilimsikia akimwambia mama yake nyuma ya nyumba, kwa heshima kabisa, "Mama, chonde, mbele ya wageni msifanye hivyo. Mimi nawaeleza habari za watu walioteseka." Bi Mtani alimjibu kwamba hao walioteseka ni babu zake yeye, si wa wale wageni, na kama yeye anaweza kulicheka neno mtumwa, basi ameshinda. Nami nikiwa msomi mpya mwenye mawazo mengi, niliona wote wawili wana haki, nikajiona nina busara sana.

Asubuhi yake Bi Mtani alitutembeza yeye. Alitembea polepole, anapumzika kila penye kivuli, na nilisikia pumzi yake inakwaruza. Hakujali milango. Hapa, alituambia, ndipo nilipoanguka na ndoo ya maji nikiwa bibi harusi. Dirisha hili alikuwa anakaa mwanamke aliyemtaka mume wangu, akamkosa, akahamia Lindi. Hapa palikuwa na paa, siku lilipoanguka tulidhani vita imerudi. Mama alimtukana kila hatua, kuhusu unene wake na uvivu wake, lakini alikuwa amemshika kiwiko, na penye ngazi alikuwa akimsubiri.

Simu za mkononi zilikuwa zimefika Songea wakati kijana alipotupigia kusema kwamba mama yake amelazwa na hali si nzuri. Masika yalikuwa yamepamba moto. Mama alikwishastaafu, miguu inamsumbua, nikamwambia tusubiri mvua zipungue. Alinitazama kama nimetamka upuuzi. Tukapanda gari lililokuwepo.

Barabara ile iliwafundisha watu wengi kusali. Baada ya Tunduru lori lilizama kwenye matope mpaka ekseli, na kila lililokuja kutuvuta nalo likazama. Abiria walishuka, wakakata matawi, wakapika uji kando ya njia. Mama alikuwa akitembea huku na huku, viatu mkononi, akimsema Bi Mtani kwa sauti. "Amefanya makusudi huyu. Mwaka mzima una miezi ya kiangazi, yeye kachagua masika aniharibie viatu." Wale abiria walianza kumpenda. Kisha akaanza kujiandaa. Alinieleza atakavyofanya kama akikuta msiba: atavaa buibui la marehemu, atajaza mto tumboni, atakaa penye kigoda chake na kugombeza kila mtu kwamba korosho zinaungua. Alinionyesha ule mwendo wake wa kupumzika kila penye kivuli, pale matopeni, na ilikuwa yeye kabisa. Nilicheka. Mama alicheka pia, halafu akasema, "Lakini nitamkuta. Atanisubiri, anijibu."

Hatukumkuta. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya kuta mbili zilizobomoka, na watu wamekaa chini. Alikuwa ameshazikwa kama dini yake inavyotaka, bila kuchelewa. Mama alisimama kidogo mwanzo wa kichochoro, akavuta pumzi, akajifunga kanga kiunoni vizuri. Niliona anakunja uso, anatengeneza sauti. Alikuwa tayari.

Mwanawe marehemu alituwahi kabla hatujafika kwenye majamvi. Alikuwa amekonda. Alimwinamia mama, akampokea mzigo. "Shikamoo, mama. Naomba nikuambie jambo. Wakubwa zangu wa kazini wapo, wale pale kwenye viti. Hawataelewa. Na mimi mwenyewe..." Alihamishia mzigo mkono wa pili. "Sitaki kuona mtu anamwigiza mama yangu. Sitaweza kuvumilia. Nisamehe."

Ningemjibu mimi. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: tumelala matopeni, viatu vimekatika, kwa ajili ya kazi hii moja. Mama alinigusa mkono. "Sawa, mwanangu," akamwambia. "Msiba ni wako."

Akaenda kukaa na wanawake kama mtu yeyote. Wanawake wa Mahurunga walimjua, wakasogea, wakamtazama kwa hamu. Wengine walianza kutabasamu kabla hajasema kitu. Shangazi mmoja mzee alimnong'oneza, "Mngoni, leo umemeza ulimi?" Mama alitikisa kichwa, akainama. Wakasubiri. Walipoona hakuna kitu walirudi kulia, kile kilio kikavu alichokuwa amekikataa marehemu, kinachoendelea bila kufika popote. Mama alikaa katikati yao na mikono mapajani, na sijapata kumwona mtu amekaa na aibu kama ile. Nilimchukia yule kijana. Nilimchukia na mkubwa wake mmoja wa kazini, Mzungu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imekunjwa, ana huzuni ya kweli masikini, hana kosa lolote.

Kesho yake mama aliomba apelekwe kaburini. Mwanawe Bi Mtani alitupeleka mwenyewe, mapema, kabla watu hawajaamka vizuri. Makaburi yako nyuma ya mji, unapanda kidogo, njia ina nyasi ndefu zilizotulowesha miguu. Kaburi lilikuwa udongo mbichi tu na kijiti kila upande. Yule kijana alinyanyua mikono akasoma dua, akajipangusa uso, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa kutuachia nafasi. Nadhani alidhani tunataka kusali.

Mama alishika kiuno.

"Kwa hiyo umekimbia," alisema. "Nyie Wayao ni kukimbia tu. Nimekuja kwa matope kutoka Songea, umesikia huyo Mngoni anakaribia, ukatafuta shimo ukaingia." Sauti yake ilianza vizuri. "Na ulivyo mnene, waliokubeba wako wapi? Wamelazwa? Toka huko! Nani atabangua korosho? Mtumwa gani analala mpaka saa hizi?"

Kisha akanyamaza kidogo, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akifanya siku zote baada ya kurusha lake. Alikuwa anampisha mwenzake. Utani una zamu, na ilikuwa zamu ya Bi Mtani.

Ndege walilia mahali fulani. Mama alisubiri.

"Nijibu basi," akasema.

Nilitaka kumjibu mimi. Nilijua maneno yote, nilikuwa nimeyasikia utoto wangu mzima, lakini sikuwa na haki nayo, maana mimi pia ni Mngoni, wa upande wake. Pale makaburini palikuwa na mtu mmoja tu wa kumjibu. Niligeuka nikamtazama yule kijana. Alikuwa Myao, tena kwa mama yake. Lolote lingetosha, tusi moja tu dogo, kwamba amechelewa, kwamba ananuka matope. Alikuwa amefahamu. Niliona mdomo wake unafunguka, unatafuta, kama siku ile sokoni mbele ya wageni. Alisogea mpaka karibu na mama.

"Pole sana, mama," alisema, kwa upole wote aliokuwa nao.

Mama alimtazama. Alikaa chini kwenye ule udongo, akalia kwa sauti, na sisi wawili tukabaki tumesimama pale na adabu zetu.